Laini ya Newala na Fomu ya Mama Yako

Mkomaindo, Masasi
Jumamosi, mchana

Mwanangu Somoe,

Umepanda Chilangala tangu asubuhi kumuaga bibi yako, na ninavyomjua, hatakuachilia mpaka ushibe ugali wake na akujazie mfuko wa korosho. Mama yako naye yuko kwenye meza yake ya uji pale getini hospitali. Kwa hiyo nyumba ni yangu kwa saa chache, nami nimechukua kalamu uliyoisahau dirishani.

Sitakuandikia habari za chandarua wala maji ya kuchemsha, wala namna ya kushika mkoba wako ukishuka stendi. Mama yako ameyasema hayo wiki nzima, na wewe umeitikia "ndiyo mama" bila kuyasikia. Nina jambo moja tu. Kesho unakwenda Dar kusomea mambo ya simu, na tangu majina yatoke watu wa mtaa wananipitia hapa kibarazani na kunishika mkono. "Baba Somoe, damu haipotei. Fundi kazaa fundi." Nami nacheka, naitikia. Nataka usome hapa, kabla hujafika huko, ujue huyo fundi aliyekuzaa ni nani hasa.

Jinsi nilivyoanza unaijua, nimekusimulia mara nyingi mno. Mtoto wa mkulima wa korosho, kibarua wa kuchimba mashimo ya nguzo, halafu Shirika la simu likanipeleka kozi Dar, nikarudi na mkanda wa kupandia na sanduku la vifaa. Nilikuwa mtu wa kwanza wa uwanda wetu kukabidhiwa laini ile inayotoka Masasi bondeni na kupanda genge mpaka Newala. Watoto waliniita Bwana Simu. Nilikuwa sijafika miaka thelathini, na wazee walinipisha kiti. Jambo hilo lilinilevya kuliko pombe; pombe yenyewe sijawahi kunywa, nisingejua kulinganisha, lakini nadhani hivyo ndivyo mlevi anavyojisikia.

Mama yako alikuja Newala kuwa opereta. Binti wa Kiyao, wa hapahapa Mkomaindo, mwembamba, hasemi sana. Alikaa mbele ya swichibodi, ule ubao wa kuunganishia simu, na hedifoni kichwani, mbele yake matundu yamepangwa kama vyumba vya nyuki, na kwa wiki mbili alikuwa amekwisha kulijua kila tundu ni la nani. Mimi kazi yangu ilikuwa nje, yake ndani. Tulizoeana kupitia waya. Nilikuwa nikipanda nguzo, nachomeka simu yangu ya kupimia, napiga kituoni.

"Kituo, hapa juu ya genge. Unanipata?"

"Nakupata vizuri, fundi. Jua ni kali. Shuka ule."

Ndiyo posa yangu hiyo, kwa kweli. Mengine yalikuwa ni kumaliza mambo na wajomba zake.

Tulipooana hatukupata mtoto upesi. Ulipita mwaka wa kwanza, ukaja wa pili. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Miaka ile ya ruksa, korosho zilipoanza kununuliwa na wafanyabiashara binafsi, chumba chetu cha simu kiligeuka gulio. Watu walipanga foleni mpaka nje, mkulima anataka kusikia bei ya Mtwara kabla hajauza, mnunuzi anataka aisikie kabla ya mkulima. Na msimu huohuo laini ikaanza kuugua. Asubuhi inasema vizuri. Ikifika saa nane mchana, inakatika. Saa kumi na moja inarudi yenyewe kama vile haijawahi kuumwa. Kila siku hivyohivyo, na saa zile za mchana ndizo biashara ilipopamba moto. Mzee mmoja wa Chilangala, rafiki wa baba yangu, alisubiri simu tangu adhuhuri, mwisho akamwuzia mtu wa kwanza aliyemjia na lori, kwa bei aliyoitaja mtu huyo. Kesho yake akanijia kazini. Hakupaza sauti. Akasema, "Hamisi, sisi tulidhani tumepata mtu wetu kwenye hizi nyaya." Akaenda zake.

Nilitembea laini ile kwa miguu wiki tatu. Nilibadilisha vile vikombe vya kauri vinavyoshika nyaya kwenye nguzo, nikakata matawi, nikapanda nguzo moja baada ya nyingine mpaka mapaja yakachubuka. Nikifika mahali, saa ya kukatika imepita, laini ni nzima. Meneja wetu wa Masasi akapiga. "Fundi, mwezi ukiisha bila laini kutengemaa, naleta mtu mwingine. Wewe utarudi kwenye mashimo."

Jioni ile nilikuwa nimelala chali kwenye mkeka. Mama yako alikuwa anapepeta mpunga. Akasema bila kuniangalia, "Fundi, si vikombe wala si miti. Nyaya zinapigana."

"Umejuaje wewe?"

"Nasikia. Kabla ya kukatika huwa kuna sauti, kama mtu anayepiga makofi mbali. Na haianzi mpaka bati letu lianze kutikiswa na upepo."

Akaingia ndani, akatoka na daftari. Alikuwa ameandika kila siku kwa mwezi mzima: saa ya kukatika, saa ya kurudi, na pembeni, upepo, shwari, mawingu. Siku za mawingu laini haikukatika hata kama upepo ulivuma. Akaniuliza kwa nini. Sikujibu, ingawa jibu lilinijia hapohapo: jua linalegeza waya, waya uliolegea unaning'inia, upepo ukija unaukutanisha na mwenziwe. Kisha akaniambia amemwuliza karani wa ghala la korosho lililokuwa chini ya genge, ambalo simu yake ilikuwa kwenye nyaya hizohizo. "Yeye anasema makofi yakianza inambidi aondoe sikio. Mimi huku nayasikia kwa mbali. Basi yako kwake, hayako kwangu."

Somoe, mimi niliyekwenda kozi nilikuwa nimetafuta kwa miguu kitu ambacho mwanamke aliyekaa kitini alikwisha kukiona kwa sikio. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia kazi ya opereta ni kuunganisha, kazi ya fundi ni kutafuta. Akalifunga daftari, akarudi kwenye mpunga wake.

Siku ya tatu nikaenda kimyakimya mpaka juu ya lile ghala, mahali nyaya zinapovuka korongo. Hapo palikuwa na masafa marefu bila nguzo, kwa sababu waliotutangulia waliogopa kuchimba kwenye ule ukingo. Nikakaa juani. Ilipofika saa nane upepo ukapanda kutoka bondeni, na nyaya mbili zilizolegea zikaanza kukutana. Niliyasikia makofi kwa masikio yangu.

Kusimika nguzo katikati ya korongo lile kulituchukua siku kumi na mbili. Vibarua walikataa kushuka, nikashuka mwenyewe na kamba kiunoni, nikachimba mwamba nikiwa nimening'inia. Hiyo sehemu ni yangu, siiachi. Lakini ni hiyo tu.

Laini ilipokaa wiki nzima bila kukatika nikampigia meneja. Nilitumia simu ya mezani ofisini, mlango ukiwa wazi, na ng'ambo ya mlango alikaa mama yako, mgongo wake kwangu. Yeye ndiye aliyeniunganisha.

"Umejuaje, fundi?"

"Nilichunguza, mzee. Saa, jua na upepo. Nikaona vinakwenda pamoja."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Niliuangalia ule mgongo. Haukugeuka. Nilipokata, alichomoa waya wake akaandika kwenye kitabu cha simu: ya kikazi, dakika sita.

Ile karatasi yenye fremu iliyoko sebuleni, ambayo ulijifunzia herufi ukiwa umebebwa begani, ndiyo barua ya pongezi niliyopewa kwa nguzo ile. Na ufundi mkuu nikapewa kwa nguzo ile. Mama yako aliifuta vumbi fremu hiyo kila Ijumaa, miaka yote, na hakusema neno. Mimi nikauchukua ukimya wake kuwa hajali. Ndivyo ilivyonifaa.

Ingeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida. Haikuishia.

Baada ya miezi michache meneja alikuja Newala kukagua. Mama yako alikuwa amemaliza zamu, ameshuka bondeni na wenzake kuchota maji. Meneja akafungua droo za swichibodi, akalikuta daftari. Akafunua kurasa moja moja.

"Hili la nani?"

"La opereta, mzee."

"Mkeo."

"Ndiyo."

"Ameandika upepo," akasema. Akaniangalia, nami nikaangalia viatu vyake. Alikuwa mtu mwenye adabu, hakuniuliza la zaidi. Tulipofika kwenye Landrova yake akatoa fomu kwenye mkoba. Chuo cha Dar, akasema, kilikuwa kinatafuta watu wa kusomea mitambo mipya, ile inayojiunganisha bila mkono wa mtu. Miaka miwili. Ameambiwa atafute mwanamke kutoka wilaya zetu, na hakuwa amepata. "Ajaze, atie sahihi. Ijumaa iwe mezani kwangu."

Nikaiweka kwenye sanduku la vifaa, chini ya koleo. Nilijiambia nitampa akirudi. Akarudi, ndoo kichwani, ameloa mabega, anacheka peke yake kwa jambo walilolisema njiani. Akanitilia maji ya kuoga. Nikaoga. Nikala. Sikumpa. Kesho yake sikumpa. Alhamisi nikajua kwamba sitampa, na kwamba inabidi nimpe meneja jibu. Kupiga simu sikuweza, kwa sababu simu zote za Newala zilipita masikioni mwa mama yako. Nikadandia lori la korosho mpaka Masasi, nikasimama mbele ya meza ya meneja.

"Mzee, mke wangu ana mimba. Hataweza."

"Ya miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Basi," akasema. "Mtoto kwanza." Akaandika jina la mtu mwingine.

Hakukuwa na mimba, Somoe. Wewe ulikuja mwaka uliofuata. Nilikutumia kabla hujawa na umbo wala jina.

Umri wako wote nimejiuliza kwa nini nilifanya hivyo, na majibu yamekuwa yakibadilika kadiri ninavyozeeka. Zamani nilisema niliogopa hatarudi, wasichana wakionja Dar hawarudi. Baadaye nikasema niliogopa watu wangenicheka, mke anasoma, mume anapanda nguzo. Yote yana ukweli kidogo. Lakini kuna hili: mimi mwenyewe nilikuwa nimeomba uhamisho mara mbili, mara zote wakaniambia laini ile inanijua, hakuna wa kumwachia. Nilikuwa nimefungwa pale juu na sifa zangu mwenyewe, sifa ambazo nusu yake haikuwa yangu. Yule aliyekuwa na sifa za kweli mlango ukamfungukia, na ufunguo wakanipa mimi nimpelekee. Sikuvumilia kumwona anatoka.

Shirika lilipogawanywa tukahamishiwa huku. Nyumba hii tukaijenga kwa sababu wajomba zako walikuwa na kiwanja, na kwa sababu mimi nilidhani mama yako akiwa karibu na kwao dhambi yangu itapungua. Halafu ukaja ule mtambo mpya. Labda unakumbuka kidogo, ulikuwa umeshika khanga ya mama yako. Aliyekuja kuufunga alikuwa mwanamke, mtu mzima kidogo kumpita mama yako, amevaa ovaroli ya bluu, penseli sikioni. Alikuwa mmoja wa wale waliosoma kozi ile. Umeme ulikuwa umekatika, mtambo ukienda kwa betri, akanipa tochi nimmulikie ndani ya kabati. Mama yako alisimama mlangoni na kuangalia muda mrefu. Kisha akasema, "Huo waya wa tatu kutoka chini unalia tofauti." Yule mwanamke akatega sikio, akaugusa, akaukaza. Akageuka.

"Mama, umewahi kusomea?"

"Hapana," mama yako akasema. "Hawakuniita."

Mimi nilikuwa nimeshika tochi, na mkono haukutikisika. Mpaka leo huo mkono ndio unaonitisha. Ungetikisika ningejua bado mimi ni mtu.

Mwezi uliofuata wakapunguza watu, na wa kwanza walikuwa maopereta, maana mtambo uliwafanyia kazi yao. Mama yako akanunua sufuria la uji.

Mimi nikabaki na laini yangu. Watu walipoanza kuzungumza habari za simu za mkononi niliwaambia pale msikitini kwamba simu isiyo na waya ni redio ya kuchezea, mvua moja itaimaliza. Nilikuwa fundi mkuu, wakanisadiki kwa muda. Halafu ukasimama mnara, na wanunuzi wa vyuma chakavu nao wakaja, na asubuhi moja nikaambiwa shaba yote kutoka genge mpaka ghalani imekatwa na kuuzwa. Nilipanda kwenda kuona. Nguzo zilikuwa zimesimama tupu. Nikafika korongoni, nguzo yangu nayo imesimama tupu, inashikilia hewa. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, nikilia, na sikuwa nikiililia shaba.

Wewe umekulia kwenye yaliyofuata. Baba anayekaa kibarazani na gazeti la juzi. Mama ambaye mwenye mashine ya kusaga humtumia mtu aje kusikiliza, naye husimama dakika moja na kusema "beringi ya kushoto imechoka," na kweli huwa imechoka. Wampe unga kilo moja, aende zake. Kila akiitwa nilikuwa naingia ndani. Ulidhani nachukia mke wa mtu kuitwaitwa. Nilikuwa najificha.

Sasa hili la mwisho, ndilo lililonikalisha kuandika. Barua yako ya chuo haikufika siku ile uliyoipata. Nilikuwa nimeichukua posta siku nne kabla. Niliijua kwa muhuri, nikaileta nyumbani, nikaiweka kwenye sanduku la vifaa. Nilijiambia natafuta siku nzuri ya kukupa. Mwanangu, maneno yalikuwa yaleyale, kwa sauti ileile. Siku ya nne nilifungua sanduku kutafuta koleo la kurekebisha kitasa, nikaziona karatasi mbili zimelaliana, yako nyeupe, na ile ya mama yako imekuwa ya rangi ya chai. Sikuwahi kuitupa. Sijui kwa nini. Ndipo nikatoka mbio na yako mkononi, na wewe ukaruka, na mama yako akapiga vigelegele mpaka wauguzi wa pale hospitali wakachungulia kwenye ua. Nilisimama katikati ya furaha ile nikijua kwamba ningeweza kuizuia tena, na kwamba nilikuwa nimeanza.

Hapa niliacha kuandika. Nilitaka nifunge barua nikupe kesho, uende nayo, na siri ibaki kati yetu wawili. Nikaisoma tangu mwanzo. Nikaona kwamba nakupa tena mzigo wa kumficha mama yako, safari hii ubebe wewe. Mama yako alikuwa amekwisha kurudi, yuko uani anasugua sufuria. Nikaenda.

"Mama Somoe, kaa kidogo."

"Nikikaa uji utakaukia humu. Sema."

Nikasema nimesimama. Nilianza na ya nguzo, nikamwambia kwamba ile barua ya sebuleni ilikuwa haki yake.

"Hiyo naijua," akasema, bado anasugua. "Si nilikuunganisha mimi? Nilikuwa na hedifoni kichwani. Nilikusamehe siku ileile, kwa sababu nilidhani imeishia pale."

"Haikuishia."

Mkono wake ukasimama. Nikamwambia ya daftari, ya meneja, ya fomu. Alinisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza laini, kichwa kimeinama upande mmoja. Nilipomaliza akauliza, "Iko wapi?" Nikaleta. Akafuta mikono kwenye khanga, akaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini.

"Siku hiyo mimi nilikuwa wapi?"

"Ulishuka bondeni kuchota maji."

"Nilishuka kukuchotea maji ya kuoga."

"Ndiyo."

"Na meneja ulimwambia nini?"

Nilitaka kudanganya hata hapo. Nikamwambia nilisema ana mimba.

Kuku walikuja wakala makombo ya uji miguuni pake, hakuwafukuza. Mwishowe akasema, taratibu sana, "Mwaka ule kila mwezi nililia. Wewe ulikuwa unaniona nikilia. Ukamwambia mtu nina mimba."

Akaitazama tena fomu, pale pa sahihi palipobaki patupu.

"Na yule dada wa mtambo. Wewe ndiye uliyeshika tochi."

"Ndiyo mimi."

"Ukanisikia nikimwambia hawakuniita."

"Nilisikia."

Akaikunja fomu, akaifunga kwenye pindo la khanga, akachukua mtandio wake akatoka. Nilijua amekwenda kwa mjomba wako, na kwamba jioni ndugu zake watakuja kukaa kibarazani na kunitaka maneno. Nilijiandaa. Nilivaa hata kanzu.

Amerudi sasa hivi peke yake. Hakwenda kwa mjomba wako. Alikwenda stendi. Amekata tiketi ya basi la kesho asubuhi, siti iliyo pembeni ya yako, na amempigia dada yake wa Mbagala kumwambia ajiandae kumpokea. Haya amenieleza akiwa amesimama mlangoni, kama mtu anayetoa taarifa ya kikazi.

Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Na meza ya uji?"

"Ipo palepale," akasema. "Ukitaka kuuza, uza."

Kisha akauliza vyeti vyake vya shule viko wapi, vile vya darasa la saba na cheti cha uopereta. Nimepanda juu ya kiti nikamshushia mkoba kutoka juu ya kabati. Yuko chumbani, anavipangusa kimoja kimoja na kuviweka kwenye begi pamoja na nguo zake. Sijui anavipeleka wapi, mwanangu. Dar ni kubwa, na yeye si kijana. Sikumuuliza, na atarudi lini pia sikumuuliza. Swali lilifika mdomoni nikalimeza, maana mimi sina tena haki ya kumuuliza mama yako anatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Nakuomba nawe usimuulize kwa niaba yangu.

Ukifika chuoni, akitaka kuingia akaone hiyo mitambo, ingia naye. Wakikuuliza ni nani, usiseme tu ni mama aliyekusindikiza. Sema ni opereta wa Newala. Na akiinamisha kichwa upande mmoja, nyamazeni wote mumsikilize.

Kwangu mimi usipange kitu. Sikuandika haya ili unisamehe, na sitaki uanze masomo ukiwa na kazi ya kupatanisha watu. Nitakuwa hapa. Chakula nitajua kupika, nina muda wa kujifunza. Nyumba hii niliijenga iwe na mlango mmoja, na nimekaa humu miaka mingi nikihesabu nani anatoka. Kesho mtatoka wawili, nami nitawabebea mabegi mpaka stendi, kama mtanikubalia.

Nasikia sauti yako getini, unamsalimia jirani, shikamoo, na yeye anakuuliza habari za Chilangala. Nakunja. Isome njiani kukishapambazuka. Huna haja ya kuificha, maana aliyekaa pembeni yako anayajua yote yaliyomo.

Ni mimi, ninayebaki Mkomaindo,

Baba yako Hamisi